Neno Hili Kwao Wapi?

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwahi kutuambia maana ya neno kabla hajatuuliza kwao ni wapi. Ukimwendea na neno jipya, umeliokota gazetini au kwenye karatasi ya dawa, atakutazama juu ya miwani yake na kukuhoji kama mzee aliyetumwa kupeleleza mchumba: "Neno hili kwao wapi? Huku limekuja na nani? Na likiingia chumbani, watu wanakaa vizuri au wanakunja uso?" Usipojua, unarudishwa kwenye kamusi. Lakini mtu huyohuyo, aliyetaka kujua ukoo wa kila neno la Waingereza, hakutaka kabisa kusikia binadamu akiulizwa kwao. Ukimuuliza yeye mwenyewe ndiyo umeiharibu siku.

Kwa hiyo sina la kueleza kuhusu alikozaliwa wala aliyemzaa. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyekaa mbele ya wakwe zangu siku ya posa yangu na kuwaeleza babu yangu alikuwa nani, na kwa miaka yote ya ndoa yangu sikujua kama siku ile alisema kweli au alizua. Niliogopa kumuuliza. Mwaka huu nimelazimika, na habari hiyo nitaifikia.

Darasa lake lilikuwa barazani kwake, Ujiji, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amestaafu shule ya msingi, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto hawakujaliwa. Kipande cha ukuta wa nyumba alikipaka rangi nyeusi kikawa ubao. Sisi wanafunzi tulikuwa mchanganyiko: wasichana wa sekondari, karani mmoja wa bandarini, mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, na wengine waliokuja kwa sababu ya kahawa yake tu. Mwalimu alivaa koti jua likiwaka na mvua ikinyesha. Kamusi yake ilikuwa nene, ya aina ile inayoeleza na asili ya maneno, jalada lilishapotea zamani, akawa anaifunga kwa kipande cha kitenge. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kama ametoka kula samaki.

Aliyapenda maneno yenye siri ndani yake, na alijua kuyaleta mpaka mlangoni kwetu. "Companion," alituambia, "ni mtu mnayekula naye mkate. Sisi na mkate hatujuani sana, kwa hiyo hapa Ujiji companion ni yule mnayechovya tonge kwenye bakuli moja." Tangu siku hiyo mtu akila kashata yake peke yake, Mwalimu alitikisa kichwa: "Huyu si companion." Alitufundisha kwamba muscle, yaani msuli, zamani ilimaanisha panya mdogo, kwa sababu mtu akikunja mkono unaona kitu kinakimbia chini ya ngozi. Karani wa bandarini, aliyekuwa anajisifia kifua chake, alikoma kukunja mikono mbele ya wasichana. Tulikuwa tunamwambia, "Funga banda, panya wanatoka."

Siku ya rival sitaisahau. Mwalimu alieleza kwamba rivals, yaani washindani, zamani walikuwa watu wanaochota maji kwenye kijito kimoja, na ugomvi wao ulianzia hapo. Muuza dagaa akapiga kofi paja lake.

"Mwalimu, sema mke mwenza tumalize!"

"Si lazima awe mke mwenza, mama."

"Kijito kimoja, ndoo mbili, na kila mmoja anasema zamu yake. Mimi ninaye nyumbani, sina haja ya kamusi."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akakubali, akaandika ubaoni.

Lakini mama huyohuyo ndiye aliyempa Mwalimu kazi kubwa kuliko sisi sote. Alikuwa na wanunuzi wake kutoka Zambia, na alitaka kuwaelezea dagaa wake kwa Kiingereza chenye heshima. Mwalimu aliona nafasi ya kutufundisha kwamba maneno yanaweza kuwa ndugu lakini tabia zikatofautiana. Akaandika smell, scent, aroma, stink. Yote ni harufu, alisema, lakini moja utaliweka sebuleni, jingine utalifungia nje. Kisha akamuuliza mama, dagaa waliotandazwa mchangani wana nini kati ya hayo?

"Aroma," akajibu mama bila kufikiri.

"Mama, aroma ni ya kahawa. Ni ya pilau."

"Kwani dagaa wangu wana nini? Wewe hukula jana?"

"Nilikula. Ila wakiwa juani, Mwingereza atasema smell. Akiwa na hasira atasema stink."

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Huyo Mwingereza hajasomesha mtoto kwa dagaa. Mimi nimesomesha watatu. Andika aroma." Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwishowe Mwalimu alisema jambo ambalo mimi mwenyewe nalifundisha leo, maana nimekuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Rusimbi: kwamba tabia ya neno hutegemea pua ya msemaji. Akaandika aroma, na chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika kwamba haya ni maoni ya Kibirizi.

Hakuwa mtu mpole kila wakati. Kilichomkasirisha kuliko vyote ni asili ya kubuni. Karani alikuja siku moja amechangamka, akatuambia news ni herufi za kwanza za pande nne za dunia, kaskazini, mashariki, magharibi na kusini, kwa sababu habari hutoka kila upande. Tukapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alimuuliza nani kamwambia, karani akasema kila mtu anajua. "Kila mtu ndiye mwongo mkubwa kuliko wote," Mwalimu akasema, akamtoa nje ya baraza na kiti chake, mtu mzima na ndevu zake, akakaa barabarani mpaka kipindi kikaisha. News ni mambo mapya, basi, hakuna dira humo ndani. Hata habari ya salary alitupa kwa tahadhari. Alisema neno hilo lina undugu na chumvi, na msichana mmoja aliyetokea Uvinza, kwenye chumvi, akajisikia mwenye nchi. Lakini hadithi ya askari waliolipwa chumvi mkononi Mwalimu alituambia hajaithibitisha, na tusiende kuisambaza sokoni.

Kilichonichekesha ni kwamba mtu huyu, aliyejua bibi wa kila neno, hakuweza kuongea Kiingereza na mgeni. Wazungu walikuja Ujiji kutazama mambo ya kale, na wakipita karibu na baraza tulimsukuma awasalimie. Alikumbuka ghafla kwamba amebandika chai jikoni. "Wananiharakisha," alijitetea. "Nikiwa bado naliangalia neno moja, wao wameshafika la kumi." Nilimpenda kwa hilo. Shuleni walimu walitutisha kwa Kiingereza, yeye alituonyesha kwamba hata anayekipenda kinaweza kumshinda, na akaendelea kukipenda.

Neno alilolipenda zaidi ni nice. Zamani sana, alisema, lilikuwa na maana ya mtu asiyejua kitu, mjinga kabisa. Likaja likabadilika polepole, karne kwa karne, mpaka leo linakaribishwa kila nyumba. "Nani anamkumbusha nice kwamba alikuwa mjinga?" alituuliza. "Hakuna. Ana adabu, watu wamemzoea, yamekwisha."

Siku moja tu nilimwona ameshindwa. Binti wa kidato cha nne alikuja na kitabu cha historia, akauliza kama tulivyofundishwa, "Mwalimu, slave kwao wapi?" Mwalimu aliweka chaki chini. Akasema ni jina la watu. Kulikuwa na watu huko Ulaya ya mashariki walioitwa hivyo, wakakamatwa na kuuzwa mno, mpaka jina lao likawa jina la kila anayeuzwa. Ujiji ni Ujiji. Misafara ya watumwa ilipita hapa, na karibu kila mmoja wetu ana babu au bibi ambaye habari zake nyumbani huanza na "alikuja", halafu watu wanabadilisha mazungumzo. Mwalimu akafuta ubao ingawa haukuwa na kitu kingi. "Mtu akikwambia ametoka Ujiji, ametoka Ujiji," alisema. "Usimchimbe." Akaturuhusu twende nyumbani mapema.

Nami nilikuwa mmoja wa hao. Babu yangu mzaa baba aliitwa Ramadhani, jina alilopewa hapa aliposilimu, na alifariki shangazi yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua chochote. Wazazi wangu walipoondoka duniani, shangazi ndiye aliyenilea, na neno "kwenu" kwangu lilimaanisha chumba chake, yadi yake na mnazi mmoja. Halikunisumbua mpaka nilipopata mchumba chuo cha ualimu, kijana wa Kalinzi, huko juu kwenye migomba na kahawa, ambako mtu akitajiwa jina lako anahesabu wazee wako mpaka anachoka mwenyewe.

Mchumba wangu alinieleza wazi. Baba yake mkubwa, ndiye mwenye kauli nyumbani kwao, hana neno na dini wala elimu yangu. Atauliza jambo moja tu, huyu ni mjukuu wa nani, na asipopata jibu hatatoa ruhusa. Shangazi hakuwa na mwanamume wa kumsemea, akamwendea Mwalimu.

"Sema Pwani, Mwalimu," alimwambia. "Sema hata Unguja. Nani atapanda gari moshi kwenda kuuliza?"

"Siwezi kulizulia neno asili, nitamzulia mtu?" Mwalimu alijibu. "Nikiulizwa nitasema kama kamusi inavyosema. Haijulikani."

Akanigeukia mimi na kunikumbusha kwamba dog, boy na girl, maneno hayo ya kila siku, wataalamu wenyewe hawana hakika yametoka wapi. "Girl hajulikani kwao, na angalia sentensi ngapi zinamhitaji."

"Mwalimu," nilimwambia, na machozi yalikuwa yananitoka, "mimi siolewi na sentensi."

Alinywa kahawa yake yote, hata machicha, akaenda zake. Nilimchukia usiku ule, na nilijua kwamba kesho yake harusi yangu itavunjika mbele ya macho yangu kwa sababu ya ukweli wa mtu mmoja.

Walishuka kutoka Kalinzi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na mkungu wa ndizi na mfuko wa kahawa. Baba mkubwa alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ya chini. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na wasichana wenzangu. Wakasalimiana, wakala, wakanawa. Kisha mzee akasema, "Binti tumempenda. Tunataka kujua tu, tumekuja kwa watu gani?"

Nikasikia Mwalimu anakohoa, nikafumba macho.

"Babu yake kabla hajawa Ramadhani aliitwa Lubunga," Mwalimu akaanza. Alitoka ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ile mnayoiona asubuhi hewa ikiwa safi. Alikuja kijana, anapiga kasia kwenye mtumbwi wa mfanyabiashara wa mawese. Hapa Ujiji mguu wake uliingia kidonda, wenzake wakasubiri, wakachoka, wakarudi bila yeye. Mwanamke mmoja wa hapa akamwuguza. Alipopona alikuwa ameshapanda michikichi yake, akasema hawezi kuiacha. Kila akila ugali alibakiza tonge moja sahanini na kusema hilo ni la wale wa ng'ambo, wasije wakasikia amekula peke yake. Mwalimu aliyasema hayo taratibu, bila madoido, na lile la tonge alilirudia mara mbili.

Yule mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. "Aliwabakizia," alisema. "Ego. Huyo ni mtu." Kwa Kiha alikuwa amesema ndiyo, na mimi nikawa nimeolewa.

Shangazi aliniambia usiku ule, "Mimi baba yangu simjui hivyo." Lakini mwezi haujaisha akawa anaisimulia yeye, mpaka rangi ya mtumbwi. Kule Kalinzi ndiyo usiseme. Kila harusi baba mkubwa alimtaja Lubunga, na kila akitajwa ziwa lilichafuka zaidi na mawimbi yakapanda. Mwanangu wa kwanza wakampa jina hilo. Nimeishi vizuri katika ukoo ule, sina lawama, wamenipenda na mimi nimewapenda. Lakini kila nilipokutana na Mwalimu njiani nilimwamkia, nikamuuliza hali, na swali langu nikarudi nalo nyumbani. Akisema alizua, nitamwita mwanangu nani?

Mwaka huu mwanangu ndiye aliyenitoa uoga bila kujua. Amekuwa mtu mzima, ni fundi wa injini za boti, na mwezi uliopita alinijia jikoni akasema ameshakubaliana na watu wa boti, anavuka kwenda kuwatafuta ndugu wa babu Lubunga. "Ila mama, kijiji chao kinaitwaje?" Nikamwambia asubiri kidogo. Angeweza kuzunguka milima ile mwezi mzima akimtafuta mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kurudi na aibu ambayo si yake.

Nilimkuta Mwalimu uani kwake, kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele kwa vidole maana macho yamepungua. Darasa halipo tena. Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti, akafurahi, akaniuliza kama bado nawafundisha watoto nice alikotoka. Nikasema ndiyo. Halafu nikamweleza habari ya mwanangu, yote, na nikamuuliza lile nililolibeba.

"Mwalimu, Lubunga alikuwepo?"

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Alikuwepo."

"Babu yangu?"

"Babu yangu mimi."

Akaniambia lile tonge analijua vizuri, kwa sababu mzee akiinuka yeye ndiye aliyekuwa analila, mtoto mdogo, anajificha nyuma ya mlango. Kidonda alikiona, kovu lilikuwa kubwa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mkewe.

"Nilikwenda pale nimekusudia kusema haijulikani," alisema. "Neno lilikuwa mdomoni. Lakini maisha yangu yote nilidhani anayeuliza kwenu anataka kukudharau. Nikamtazama yule mzee, amekaa na adabu yake, hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua anamkaribisha nani. Na wewe uko nyuma ya pazia, nakusikia unavyovuta pumzi. Nilikuwa na babu mmoja, sina wa kumwachia. Nikaona naye aende harusini."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya. Ningemtoa mwanafunzi nje na kiti chake kwa kosa hilo." Akatabasamu. "Sijajuta hata kidogo."

Nililia, na nilicheka, na sikujua nilifanya kipi kwanza. Nilimuuliza sasa mwanangu nimwambie nini, asiende?

Mikono yake ikatulia juu ya ungo. "Kwa nini asiende? Kijiji nakijua jina. Babu alinitajia, na jina la dada yake pia. Mimi sikuthubutu, niliona watasema huyu naye katoka wapi. Mwambie apite hapa kwanza nimwelekeze." Akaongeza, "Kama hataona vibaya."

Nilitoa simu palepale, uani, nikampigia. Akapokea, kelele za injini zimejaa nyuma yake, akauliza nimepata jina la kijiji au bado.

"Acha hiyo kazi uje Ujiji," nikamwambia. "Babu yako anakuita."